Majani Niliyoyaondoa Barabarani

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikitengeneza mizani katika miji midogo iliyopo kando ya barabara kuu kati ya Mbalizi na Iringa. Kuna mizani ya kuning'iniza ya wauza nyama na mizani ya jukwaa ya maghala ya mahindi na viazi, na mara chache, nikipanda mlima kwenda Makongolosi, mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa kufungua mizani mbovu, kuchora kila kipande kilipokuwa kimekaa, kisha kuvirudisha vyote. Natembea kwa pikipiki, na nyuma nimefunga sanduku la mawe ya mizani. Sanduku hilo linajaza nafasi ya abiria, kwa hiyo mke wangu akisafiri hupanda basi dogo la kosta.

Barabara ile ina desturi yake. Gari likiharibika, dereva hukata matawi ya miti yenye majani na kuyatandika kwenye lami, nyuma na mbele ya gari, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Wapo wenye vibao vya pembetatu, lakini kwenye kona na kwenye ukungu watu wanaamini majani kuliko kibao. Ubaya wake ni kwamba gari likishatengemaa, dereva aliyekaa porini saa sita anaondoka kwa haraka na kuyaacha majani pale pale, na mara nyingine na mawe aliyoyakandamizia. Mwaka mmoja, karibu na Igawa, nilipita juu ya majani makavu nikidhani ni majani tu. Chini yake palikuwa na jiwe. Nilivunjika mfupa wa bega na kukaa nyumbani miezi miwili.

Baada ya kupona nilianza kuyaondoa. Nikikuta majani yaliyosahauliwa nilisimama, nikayakusanya na kuyaweka ng'ambo ya mtaro, mashina yakielekea upande mmoja. Sikufanya hivyo ovyo. Nilijiwekea kanuni: majani mabichi maana yake gari lipo, majani yaliyokauka na kukunjamana maana yake gari limekwishaondoka. Juu ya hayo nilitembea hatua hamsini mbele na kutazama. Nisipoona gari, niliondoa. Kanuni hiyo niliipata kwa kuangalia, nikienda na kurudi kati ya Chimala na Igawa, kwenye joto la Usangu, ambako tawi lililokatwa asubuhi limelegea mchana, na kesho yake ukilikanyaga linavunjika kama karatasi ya sukari. Mke wangu aliwasimulia ndugu zake habari hiyo kama sifa. Mimi mwenyewe niliiona ni sifa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimelala Mafinga. Mke wangu alikuwa Kihesa, Iringa mjini, kwa mama yake, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu, na baada ya wiki tatu za kumuuguza alikuwa anarudi kwetu Mbalizi. Jioni iliyotangulia tulizungumza kwa simu. Aliniambia amekata tiketi ya kosta ya saa moja na nusu asubuhi, na akaniuliza kama nimebeba sweta. Nilimwambia nitakuwa kijijini na kazi ya mizani mbili, hivyo tutaonana nyumbani kesho yake.

Asubuhi nyasi za uani pale nilipolala zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda usiku. Nilimwagia kiti cha pikipiki maji ya moto ndipo nikakaa. Nje ya mji nilikuta ukungu umeshuka juu ya misitu ya misindano, mzito kiasi kwamba mstari mweupe wa katikati ya barabara niliuona vipande viwili tu mbele yangu. Nilikwenda polepole. Baada ya kama nusu saa, mita chache kabla ya njia ya vumbi inayoingia kijijini nilikokuwa nakwenda, nilikuta majani kwenye upande wangu wa barabara.

Yalikuwa matawi ya mikaratusi michanga, kama kumi na mawili. Majani yake yalikuwa meusi, yamejikunja. Nilisimama, nikazima pikipiki, nikasikiliza. Kimya. Nilitembea hatua hamsini mbele, nikihesabu. Lami ilipinda kushoto na kupotelea kwenye ukungu. Sikuona gari, sikuona mtu, sikusikia kitu. Nilirudi nikayabeba matawi yote kwa awamu tatu, nikayalaza ng'ambo ya mtaro, nikajifuta mikono, nikaingia njia ya vumbi. Ilikuwa saa mbili na dakika tano. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu niliitazama nikiwa nimeridhika kwamba sijachelewa.

Ghala la viazi lilikuwa kilomita kumi na moja ndani. Karani wake, mama mmoja anayeishi Nyororo, mbele zaidi kwenye lami, hakuwa amefika. Mlinzi alinifungulia, nikaanza kuifungua mizani ya kwanza. Karani alifika saa tatu na dakika kumi, amejifunga kanga mbili kichwani, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Alisema gari walilopanda lilikuja kwa mwendo wa konokono kwa sababu ya ukungu, halafu pale kona, karibu wanafika njia panda ya kijiji, wakakuta semitrela imekaa upande wa pili imeziba njia yake nzima. Ilikwama tangu jana jioni. Imebeba simenti, ekseli imekatika, dereva anasubiri spea. Karani alisema hayo akivua viatu, akiwa na nia ya kuendelea na habari nyingine.

Nilimuuliza semitrela ilikuwa inaelekea wapi.

"Mbeya," alisema. "Imewapa mgongo wanaotoka Mafinga. Tena ninyi mnaotoka huko ndio mko hatarini, maana kona inaificha. Afadhali dereva ana akili, amesema ametandika majani mpaka huku karibu na njia panda yetu. Uliyaona?"

Niliiweka mezani springi ya mizani iliyokuwa mkononi.

Aliuliza tena kama nimeyaona, safari hii akiniangalia. Nilisema nimeyaona. Kisha nikamwomba anielekeze mahali penye mtandao wa simu. Alinyosha kidole kwenye kichuguu nyuma ya choo cha ghala. Nilipanda pale nikampigia mke wangu. Sauti ikasema simu ninayopiga haipatikani. Nilipiga tena. Yeye akisafiri huizima simu ili asimalize chaji kabla ya kufika, tabia ambayo mimi ndiye niliyemshauri.

Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale. Kosta imetoka Iringa saa moja na nusu. Kwa ukungu ule itafika Mafinga saa tatu na robo, itasimama dakika kumi na tano kupakia. Kutoka Mafinga mpaka kona ile ni nusu saa. Saa nne kamili. Lakini madereva wa kosta wengine hawaogopi ukungu. Basi saa tatu na dakika arobaini. Saa yangu ilisema tatu na dakika kumi na sita, na njia ya vumbi ilikuwa imenichukua dakika ishirini na nane nikija.

Niliacha kila kitu juu ya meza ya karani. Sikumwambia sababu.

Sijui niiandikeje ile safari ya kurudi. Natamani ningesema niliendesha kwa akili. Niliendesha nikiwa na picha moja kichwani, ya dirisha la tatu la kosta upande wa kushoto, ambapo yeye hupenda kukaa ili aegemeze kichwa. Semitrela ingekuwa kushoto. Nilianguka mara moja kwenye tope, pale kijito kinapokatisha njia, pikipiki ikanilalia mguu, nikaiinua bila kusikia maumivu. Kila nilipoisikia injini yangu ikipunguza sauti kwenye mteremko, nilitega sikio kusikia kishindo. Nilikuwa nikitaja, kwa sauti, namba za dakika.

Nilifika lami saa tatu na dakika thelathini na tisa. Ukungu ulikuwa bado. Matawi yalikuwa ng'ambo ya mtaro kama nilivyoyalaza, mashina upande mmoja. Niliyakumbatia mengi kuliko ninavyoweza kubeba na kuvuka mtaro, na kabla sijaweka hata moja nikasikia gari kubwa likitoka upande wa Mafinga.

Halikuwa kosta. Lilikuwa lori la mbao, taa zake za njano zikitokea ghafla karibu kabisa. Nilirusha mikono yote miwili, matawi yakadondoka. Dereva alinipigia honi, labda akidhani ni mlevi, akapita. Likaingia kwenye kona. Nilisikia honi nyingine, ndefu, kisha matairi yakilia juu ya lami, kisha hakuna kitu.

Nilisimama nikisubiri. Nimewahi kusubiri mambo mengi, majibu ya hospitali, mtoto kuzaliwa, lakini sijawahi kusubiri sauti namna ile. Kisha injini ya lori ikanguruma tena, gia ikaingia, likaendelea taratibu kuelekea Nyororo mpaka nisilisikie. Nilianza kutandika majani nikiwa nimepiga magoti, kutoka ukingoni mpaka mstari wa katikati.

Nilikuwa nimeweka la nane au la tisa kosta ilipotokea. Ilikuja polepole. Iliona majani, ikapunguza zaidi, ikasimama mbele yangu kabisa. Konda alitoa kichwa mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Unauza majani?"

Watu wawili watatu ndani walicheka. Nilitazama dirisha la tatu upande wa kushoto. Kichwa kilichokuwa kimeegemea kioo kiliinuka, na kilikuwa cha mke wangu. Alinitazama kama mtu anayemwona jirani wa Mbalizi katikati ya msitu na hawezi kukumbuka ni nani.

Hapo ningepaswa kupata nafuu, na nafuu ilikuja, lakini haikukaa hata dakika moja. Kutoka kwenye kona alitokea mwanaume mwenye panga, anatembea upesi. Alikuwa dereva wa semitrela. Lori la mbao lilikuwa limesimama, alisema, upana wa kiganja kutoka kwenye tela lake, naye alikuwa chini ya tela, amelala chali akifungua bolti. Kisha akauliza nani ametoa majani yake.

Wakati huo huo mama mmoja alikuwa akitoka msituni na mzigo wa kuni kichwani, akisubiri upenyo wa kuvuka barabara. Dereva alimwona, akamgeukia.

"Ninyi ndio mnaotuua," alimwambia. "Mtu anaweka alama, ninyi mnaokota mnakwenda kupikia."

Mama yule hakushusha mzigo. Aligeuka taratibu ili kuni zimfuate. "Kamwene, kaka. Unasalimia kwanza. Ulikata mti gani?"

"Mkaratusi."

"Hizi ni misindano. Tafuta humu jani moja la mkaratusi, ukilipata nalila mbele yako."

Abiria walicheka tena, lakini dereva wa kosta naye alikuwa ameshuka, na wanaume wengine wawili nyuma yake, na hao hawakucheka. Mmoja alisema wanawake wa huku wana mazoea hayo, wafikishwe kwa mtendaji wa kijiji. Mwingine alisema mtendaji wa nini, kwani watu wangekufa angewafufua mtendaji?

Niliogopa mara ya pili, na woga huu ulikuwa mdogo na mchafu zaidi ya ule wa kwanza. Nimeishi kando ya barabara. Nimeona abiria wakimfanya nini mtu aliyewaponza. Panga lilikuwepo, wanaume walikuwepo, mke wangu alikuwa akitazama, na hakuna aliyekuwa akinishuku mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekutwa nikitandika. Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao mama yule alitumia kuhamisha mzigo kutoka upande mmoja wa kichwa kwenda mwingine.

"Ni mimi niliyeyatoa," nilisema.

Dereva wa semitrela hakuelewa. "Wewe si ndiye unayeyaweka?"

"Niliyatoa asubuhi saa mbili. Niliona yamekauka, nikajua gari limeshaondoka. Nilikwenda mbele hatua hamsini sikuona kitu. Huyu mama hana kosa."

Dereva hakuinua panga. Aliinama akaokota tawi moja, akalikata katikati kwa pigo moja, akanisogezea kipande usoni. Ndani ya shina palikuwa na rangi ya kijani na maji yanachuruzika.

"Mti mbichi huu," alisema. "Nimekata jana saa kumi na moja jioni. Na nilikwenda hatua mia mbili, kwa ajili ya hii kona. Wewe ukaenda hamsini."

"Sakitu hiyo," alisema mama wa kuni, akiangalia majani meusi. "Viazi vyangu vya bondeni vimekuwa hivyo hivyo usiku wa kuamkia leo. Jana vilikuwa kijani."

Nilikuwa nimeiona sakitu ile kwenye nyasi, nimemwagia maji ya moto kiti kwa sababu yake, na saa moja baadaye nikayatazama majani yaliyoungua kwa sakitu na kuyasoma kwa kanuni ya Igawa. Nilijaribu kulieleza hilo. Nilisikia sauti yangu ikieleza habari za joto la Usangu kwa watu waliosimama kwenye baridi, nikaacha.

Dereva alimwambia mama samahani, kwa sauti ya chini, akitazama kando. Mama alisema haya, akavuka barabara na kuni zake. Wale wanaume wawili walibaki kidogo, mmoja akanitukana tusi moja, kisha dereva wa kosta akawaambia wapande gari.

Mke wangu alikuwa ameshuka. Alinikagua tope la mguuni, akagusa mahali suruali ilipochanika. Nilidhani atauliza kama nimeumia. Aliuliza jambo lingine.

"Umetoa mara ngapi?"

"Nini?"

"Majani, baba watoto. Miaka yote hii. Umetoa mara ngapi?"

Nilianza kumwambia kwamba mengi niliyatoa kule chini, kwenye joto, ambako kanuni ni sahihi. Na hapo, nikiwa katikati ya maelezo, nikakumbuka Ifunda, mwezi wa sita, asubuhi. Nikakumbuka mahali kabla ya Makambako. Nikakumbuka kona za mlima wa Chunya, ambako nilitoa majani meusi kama haya, nikapanda pikipiki nikaendelea na safari yangu nikiwa na moyo mweupe. Yeye aliyaona hayo usoni kwangu. Konda alimwita. Alinivua kofia, akaikung'uta, akanirudishia kichwani, akapanda kosta. Ilipita pembeni ya semitrela kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nikaifuata kwa miguu mpaka ilipovuka.

Nilibaki na dereva yule hadi spea ilipoletwa, saa tisa alasiri. Tulihesabu pamoja hatua mia mbili, kisha mia nyingine kwa usalama, tukakata majani mapya. Hakunisemesha sana. Aliponisemesha, aliniuliza ninafanya kazi gani, na nilipomwambia, alisema mizani ni kazi ya watu waangalifu. Sidhani alikuwa akinisimanga. Kabla ya kuwasha gari aliyatoa majani yake yote mwenyewe, mpaka la mwisho, na hakutaka nimsaidie.

Wiki tano baadaye nilipata kazi Makongolosi. Nilipanda mlima wa Chunya mchana, jua likiwa kali na baridi ikiwa palepale, na kwenye mojawapo ya kona nilizozikumbuka nikaona kingo za chuma za barabara zimevunjika, kipande cha mita nne kimening'inia kuelekea korongoni. Kutu ilikuwa imeanza kwenye ncha. Nilipokuwa nikipita hapo zamani sikuwa na sababu ya kuzitazama kingo. Nilisimama. Upande wa pili palikuwa na mama anauza viazi kwenye ndoo, nikamvukia, nikamuuliza pale palitokea nini na lini.

Alisema gari lilitumbukia. La kubebea watu. Lini, hakumbuki vizuri, mwaka jana au mwaka juzi. Yeye hakuwepo, alisikia.

Nilimuuliza kama ilikuwa wakati wa baridi.

"Kaka," alisema, "hapa kuna wakati ambao si wa baridi?"

Alinijazia ndoo ya viazi. Nilivifunga juu ya sanduku la mawe, nikarudi ukingoni, nikasimama mahali ambapo kingo zimekatika. Kutoka pale nilitembea kurudi nyuma nikihesabu, nikitafuta mahali hasa nilipoyatoa majani siku ile. Nilifika hatua mia tatu. Kila mti ulifanana na mwingine.